John Snow: Daktari aliyeifundisha dunia kupima dawa ya usingizi

Mzazi anapoambiwa kuwa mtoto wake lazima afanyiwe upasuaji, mara nyingi si kisu kinachomtisha zaidi. Kinachomnyima usingizi usiku ule ni dawa ya usingizi yenyewe, ile ambayo wengi mitaani huiita nusu kaputi. Atajiuliza kama mwanawe ataamka, kama ataamka na akili zake timamu, na kama hatasikia maumivu kazi ikiwa katikati.

Hofu hiyo si ujinga. Dawa ya usingizi ni dawa kali, na miaka ya mwanzo ilipoanza kutumika iliua watu waliokuwa na afya njema. Ikiwa leo mtoto anaweza kulazwa, akapasuliwa na kurudishwa mikononi mwa mama yake akilia kwa njaa, ni kwa sababu wapo watu waliokaa chini wakauliza: dawa hii inaingiaje mwilini, kiasi gani kinatosha, na kiasi gani kinaua?

Wa kwanza kati ya watu hao, kwa maoni ya wengi katika fani hii, ni Mwingereza John Snow. Wasomaji wanaolifahamu jina lake huenda wamelisikia katika habari za kipindupindu. Lakini kipindupindu hakikumlisha. Riziki yake aliipata kwa kuwalaza wagonjwa usingizi ili wengine wawapasue. Wiki hii tuyatazame maisha yake, kisha tuone yanamhusu vipi mgonjwa wa leo.

Mtoto wa kibarua

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 9. Baba yake alikuwa kibarua katika ghala la makaa ya mawe, na nyumba yao ilikuwa karibu na mto Ouse, katika mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokuwa ukifurika maji mara kwa mara.

Shuleni alipenda hesabu. Akiwa na miaka 14 wazazi walimpeleka mji wa Newcastle kujifunza udaktari chini ya daktari mmoja wa upasuaji, kwani wakati ule mtu aliweza kuanza kazi hiyo kama vile fundi anavyomfundisha kijana karakana. Huko ndiko alikokutana na kipindupindu kwa mara ya kwanza. Ugonjwa ulipoingia Uingereza mwaka 1831, kijana huyu wa miaka 18 alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Aliona jinsi walivyoshinda chini ya ardhi bila choo, wakila chakula chao kwa mikono michafu. Jambo hilo lilibaki kichwani mwake kwa miaka mingi.

Alikuwa mtu wa tabia za peke yake. Tangu ujana aliacha nyama na pombe, na alikuwa mwangalifu sana na maji ya kunywa. Hakuwa msemaji mzuri, hakuoa, na hakuwa na ndugu wakubwa wa kumbeba. Mwaka 1836 alikwenda London kuendelea na masomo. Alipata leseni ya kutibu mwaka 1838, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London. Alifungua chumba cha matibabu katika mtaa wa Frith, eneo la Soho, lakini wateja walikuwa wachache na wengi wao hawakuwa na fedha.

Muda aliokuwa nao aliutumia kuchunguza pumzi. Mwaka 1841 aliwasomea madaktari wenzake andiko kuhusu watoto wanaozaliwa bila kupumua na namna ya kuwarudishia uhai. Alitaka kujua hewa inafanya nini ndani ya mwili, na mwili unafanya nini hewa ikikosekana. Kipindi hicho hakuna aliyeona faida ya maarifa hayo mfukoni mwake. Miaka mitano baadaye yalimpa kazi ya maisha yake.

Upasuaji kabla ya usingizi

Ni vigumu kwetu leo kupata picha ya upasuaji wa enzi hizo. Mgonjwa alipewa pombe au kasumba, akafungwa kwa mikanda au kushikwa na wanaume wenye nguvu, kisha kazi ikaanza akiwa macho. Daktari aliyesifiwa alikuwa mwenye mkono mwepesi, kwa sababu kila dakika ilikuwa mateso. Kufungua tumbo au kifua ilikuwa karibu haiwezekani. Wapo waliochagua kufa na uvimbe wao kuliko kulala juu ya meza ile.

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa kimiminika kinachoitwa etha mbele ya madaktari waliojaa ukumbini. Mgonjwa alitolewa uvimbe shingoni bila kupiga kelele. Habari ilivuka bahari kwa meli, na kabla ya mwaka kwisha ikafika London. Tarehe 21 Desemba 1846 daktari maarufu Robert Liston alikata mguu wa mgonjwa aliyelazwa kwa etha, kazi aliyoimaliza chini ya dakika moja.

Mji mzima ulisisimka. Lakini baada ya siku chache za shangwe, matatizo yakaanza. Mgonjwa mmoja alilala vizuri, wa pili akawa kama mlevi akipigana na wauguzi, wa tatu hakulala kabisa. Baadhi ya madaktari walianza kusema etha haitabiriki na waiache.

Tatizo lilikuwa hesabu

Snow, aliyekuwa na miaka 33, aliitazama etha ikitumika mwishoni mwa Desemba, na akaliona tatizo kwa jicho la mtu wa hesabu. Madaktari walikuwa wanajua wamemimina etha kiasi gani kwenye chombo, lakini hawakujua ni kiasi gani kimeingia kwenye pumzi ya mgonjwa.

Kila mama anajua kuwa nguo mbichi hukauka upesi siku ya jua na huchelewa siku ya baridi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Etha nayo ni hivyo hivyo. Chombo kile kile, chenye etha ile ile, kitatoa mvuke mkali chumba kikiwa na joto na mvuke hafifu chumba kikiwa baridi. Tena etha inapogeuka mvuke hukipoza chombo, na kadiri kinavyopoa ndivyo mvuke unavyopungua. Ndiyo maana mgonjwa aliweza kuanza kusinzia, kisha akazinduka katikati ya kazi.

Mwezi Januari 1847, wiki chache tu baada ya kuiona etha, Snow alikuwa ametengeneza jedwali linaloonyesha hewa ya kila kiwango cha joto hubeba etha kiasi gani. Halafu akabuni kifaa chake cha kuvutia mvuke. Kilikuwa chombo cha chuma kinachowekwa ndani ya maji yenye joto linalojulikana, ili mvuke usibadilike. Akaweka mrija mpana ili mgonjwa asivute pumzi kwa shida, na barakoa yenye vali inayomwezesha mwenye kulaza kuongeza au kupunguza hewa safi.

Kifaa kilifanya kazi. Madaktari wa upasuaji wa hospitali ya St George's walimkaribisha, na baada ya muda mfupi Snow, ambaye jana yake hakuwa na wateja, akawa anatafutwa na wapasuaji wakubwa wa London.

Septemba 1847 alitoa kitabu kidogo kuhusu etha. Ndani yake aligawa usingizi wa dawa katika ngazi 5. Ngazi ya kwanza mtu anajisikia tofauti lakini anajua alipo. Ya pili amechanganyikiwa, anaota. Ya tatu fahamu imepotea ingawa mwili bado unaweza kujitikisa. Ya nne mwili umelegea na umetulia, pumzi tu ndiyo inayoendelea. Ya tano pumzi yenyewe inaanza kukatika, na hiyo ni ngazi ambayo mgonjwa hapaswi kufikishwa. Daktari, alieleza, aangalie macho, misuli na pumzi ili ajue mgonjwa yuko ngazi gani, asubiri ifike inayofaa, na aizuie isipite hapo. Wazo hilo, kwamba usingizi una kina na kina hicho hupimwa muda wote, ndilo bado linaloongoza chumba cha upasuaji leo.

Binti wa miaka 15

Novemba 1847, daktari James Young Simpson wa Edinburgh alitangaza dawa mpya, klorofomu. Ilikuwa na harufu nzuri kuliko etha, ilifanya kazi haraka, na haikuhitaji kifaa. Ulihitaji leso na matone machache tu. Ilienea kama moto wa nyika.

Tarehe 28 Januari 1848, katika kijiji cha Winlaton karibu na Newcastle, binti wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alilazwa kwa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Miezi michache kabla alikuwa ametolewa ukucha mwingine kwa etha bila tatizo kubwa. Safari hii dawa ilimiminwa kwenye kitambaa akawekewa usoni. Ndani ya dakika chache alikuwa amefariki. Hicho ndicho kifo cha kwanza kilichorekodiwa cha klorofomu: binti mwenye afya, kwa sababu ya ukucha.

Taarifa za vifo vingine zikafuata. Wapo waliosema ni bahati mbaya, wapo waliosema wagonjwa walikuwa na udhaifu wao wa siri. Snow hakukubali. Alikusanya taarifa za kila kifo alichoweza kukipata, akazilinganisha na majaribio aliyoyafanya kwa wanyama na hata kwa mwili wake mwenyewe. Alihitimisha kuwa hatari ni mvuke mkali unaovutwa ghafla. Kitambaa kilicholowa hakimwambii mtu yeyote mgonjwa anavuta kiasi gani, na pumzi chache za mvuke mkali sana zinaweza kuusimamisha moyo kabla aliyeshika kitambaa hajagundua. Yeye alitaka klorofomu isizidi sehemu 4 au 5 katika kila sehemu 100 za hewa, na akatengeneza kifaa kingine cha kuhakikisha hivyo.

Aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake kuanzia Julai 1848 hadi Juni 1858: nani, umri gani, upasuaji gani, dawa gani, aliamkaje. Daftari hizo bado zipo London. Klorofomu peke yake aliitoa zaidi ya mara 4,000. Walikuwamo wazee, wajawazito, na watoto wachanga waliozaliwa na mdomo wa sungura. Aliona kuwa watoto hulala haraka kuliko watu wazima na huamka haraka pia, kwa sababu pumzi na damu yao huenda mbio. Aliona pia kuwa mgonjwa aliyetoka kula hutapika kwa urahisi, hivyo akashauri kazi ifanyike wakati tumbo liko tupu, asubuhi kabla ya kifungua kinywa ikiwezekana, lakini bila kumshindisha mtu njaa kupita kiasi.

Leso ya Malkia

Suala la uchungu wa uzazi lilizua ubishi wake. Wapo waliodai kuwa mama kuzaa kwa maumivu ni amri ya Mungu na binadamu asiiguse. Wapo madaktari waliosema si busara kumpa dawa yenye hatari mtu asiye mgonjwa. Simpson alilitetea jambo hilo kwa sauti kubwa. Snow alikuwa na tahadhari zaidi. Alisema mama hahitaji kulazwa kabisa, anahitaji kupunguziwa makali.

Tarehe 7 Aprili 1853 aliitwa katika kasri la Buckingham. Malkia Victoria alikuwa anajifungua mtoto wake wa nane, Leopold. Snow alidondosha klorofomu kidogo kwenye leso iliyokunjwa, akawa anampa avute kila uchungu ulipokuja, kwa muda wa dakika 53. Malkia hakupoteza fahamu, na alifurahi kupata nafuu. Jarida la udaktari la Lancet lilikasirika na kukosoa jambo hilo. Hata hivyo, mwaka 1857 Malkia alipojifungua mtoto wake wa mwisho, Beatrice, alimwita Snow tena.

Tangu hapo ilikuwa vigumu kumwambia mama wa kawaida kuwa ni dhambi kuomba nafuu ambayo Malkia mwenyewe aliipokea.

Pampu ya mtaa wa Broad

Ujuzi wake wa hewa na mvuke ndio uliompeleka kwenye kazi iliyompa jina duniani. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye uchafu. Snow alishinda kutwa akipima mvuke, na alijua hewa yenye sumu humwangusha kwanza aliye karibu nayo, na huzidi kupungua nguvu kadiri inavyosambaa. Tena inaingia kwa mapafu, ilhali kipindupindu huanzia tumboni. Mwaka 1849 aliandika kuwa ugonjwa huo humezwa, hasa kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi. Wachache walimsikiliza.

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, karibu na alikoishi. Ndani ya siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza maji yametoka wapi, na vifo vingi vilikuwa vya watu walioteka pampu ya mtaa wa Broad. Nyumba ya maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na watu 535, wakafa 5 tu. Ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha pombe cha mtaa huo walinusurika. Walikunywa pombe na hawakuigusa pampu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa kwa ushauri wake. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua wenyewe, maana watu wengi walikuwa wamekimbia, lakini ushahidi alioukusanya haukufutika. Mwaka 1883 Mjerumani Robert Koch alipothibitisha kimelea cha kipindupindu, Snow alikuwa kaburini miaka 25.

Kila tunapochemsha maji au kutia dawa ya klorini msimu wa mvua, tunafuata hoja yake.

Alivyoondoka

Mwaka 1855 wenzake walimchagua kuwa rais wa Chama cha Udaktari cha London, heshima ambayo mtoto wa kibarua wa York hakuitazamia. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika kitabu kikubwa kuhusu klorofomu na dawa nyingine za usingizi. Tarehe 10 Juni 1858, akiwa mezani anaandika, alipata kiharusi. Alifariki tarehe 16 Juni, akiwa na miaka 45. Rafiki yake, daktari Benjamin Ward Richardson, alikamilisha kitabu na kikatoka mwaka huo huo. Alizikwa katika makaburi ya Brompton, London. Leo karibu na mahali pampu ilipokuwa ipo baa yenye jina lake, heshima ya ajabu kwa mtu aliyeikwepa pombe sehemu kubwa ya maisha yake.

Ni nini kimebadilika?

Klorofomu haitumiki tena. Dawa za leo ni salama zaidi, na hutolewa kwa njia tatu kuu. Kuna usingizi kamili, ambapo mgonjwa hupoteza fahamu kwa sindano ya mshipa au kwa kuvuta hewa yenye dawa. Kuna ganzi ya mgongoni, inayotumika sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Mama anabaki macho na anaweza kumsikia mtoto akilia. Na kuna ganzi ya sehemu ndogo, kama ya kung'oa jino au kushona jeraha.

Kazi ya msingi ni ile ile aliyoianza Snow. Katika usingizi kamili, mtaalamu wa usingizi hampigi mgonjwa sindano kisha akaondoka. Anakaa kichwani pake mwanzo hadi mwisho, akiangalia pumzi, mapigo ya moyo, presha na kiwango cha oksijeni kupitia kifaa kinachobanwa kidoleni. Anaongeza dawa mgonjwa anapokaribia kuzinduka na kuipunguza anapozama mno. Kazi ikiisha anaikata, na mgonjwa anaamka.

Kwa mtoto mwenye afya, mbele ya mtaalamu aliyesomea na vifaa vinavyofanya kazi, madhara makubwa ni nadra. Tatizo letu sehemu nyingi za dunia ni kuwa mtaalamu huyo na vifaa hivyo havipo vya kutosha. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na Lancet, jarida lile lile lililomkosoa Snow, ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati huduma ya upasuaji na usingizi iliyo salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: nani atamlaza mtoto wangu, na nani atakuwa naye hadi aamke? Swali hilo si utovu wa adabu.

Wewe nawe una sehemu yako

Kwanza, tumbo tupu. Hili ndilo wazazi wengi hulichukulia kwa wepesi. Mtoto analia njaa asubuhi, bibi anamwonea huruma, anampa uji kidogo kwa siri. Mtu aliyelala kwa dawa hawezi kukohoa wala kujizuia. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Utaratibu wa kawaida ni huu: chakula, uji, na maziwa ya ng'ombe au ya kopo viachwe kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, na maji matupu kwa muda wa saa 2. Fuata muda utakaopewa na hospitali yako. Kama mtoto amekula kwa bahati mbaya, sema. Kuahirishwa upasuaji kunaudhi, lakini mtoto anarudi nyumbani.

Pili, usifiche kitu. Mweleze mtaalamu kama mgonjwa ana pumu, selimundu, kisukari, presha, kifafa au ugonjwa wa moyo. Kama kuna dawa inayomdhuru. Kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Taja dawa zote, pamoja na mitishamba. Taja sigara, pombe na uwezekano wa ujauzito. Mtoto mwenye homa, mafua au kikohozi aonwe kwanza, maana njia zake za hewa ziko tayari kuziba.

Tatu, mwandae mgonjwa. Ondoa rangi ya kucha, na mama aliyepangiwa upasuaji aache kupaka hina au piko kwenye kucha, kwani rangi nzito inaweza kukipotosha kifaa cha kupima oksijeni. Vua pete, hereni na meno ya bandia. Kama mtoto ana jino linalolegea, sema.

Nne, jua utakachokutana nacho baadaye. Mtoto anaweza kuamka akilia, akitetemeka, akiwa na kichefuchefu au koo linalouma. Hayo kwa kawaida hupita. Anyonye au anywe pale wauguzi watakaporuhusu. Mtu mzima aliyelazwa kabisa asiendeshe gari wala pikipiki, asipike peke yake na asisaini mikataba kwa muda wa saa 24. Aliyepigwa ganzi ya mgongoni akipata maumivu makali ya kichwa yanayozidi anapokaa, arudi hospitali. Na mgonjwa anayepumua kwa shida, asiyeamshika vizuri, anayetapika mfululizo au aliyebadilika rangi midomoni arudishwe mara moja bila kusubiri kuche.

Hannah Greener alikufa kwa sababu hakuna aliyejua amevuta kiasi gani. Mwanao atakapoingizwa chumba cha upasuaji, kutakuwa na mtu ambaye kazi yake pekee ni kujua hilo. Mpe taarifa zote anazohitaji, mwache mtoto na tumbo tupu, kisha kaa mlangoni usubiri.